Pipa lenye mabaki ya kemikali lisiuzwe kama pipa tupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mapipa na madumu ya kemikali yanayotoka viwandani na kwenye mashamba makubwa ya kahawa na maua, kisha yakaishia masokoni yakiuzwa kama vyombo vya nyumbani. Nilikuwa mtunza stoo katika shamba la kahawa hapa Kilimanjaro kwa miaka mingi, na jambo hili linanikera kwa sababu najua kinachobaki ndani ya vyombo hivyo.

Pipa la lita 200 lenye tundu dogo juu halimwagiki lote hata likipinduliwa, kwani kimiminika hushikwa na ukingo wa ndani na mshono wa kitako. Mabaki yenye kina cha sentimita moja tu ni zaidi ya lita mbili. Kama ni kiuatilifu ambacho hakijachanganywa na maji, kiasi hicho kingetosha kunyunyizia ekari kadhaa, na pipa lenye mabaki hayo ndilo tunaloliita pipa tupu.

Hivi karibuni nilimwona muuzaji akisugua dumu la bluu kwa mchanga na sabuni ya unga pembeni mwa mtaro. Lebo ilikuwa imebanduliwa, ila kipande cha mkanda wa njano kilikuwa bado kimeng'ang'ania chini. Mkanda ule haukuwekwa kwa urembo: nyekundu huonyesha sumu kali kupita zote, njano hufuata, kisha bluu, na kijani mwisho. Mama aliyekuwa akipatana bei alitaka chombo cha kuchachushia mbege, pombe yetu ya ndizi. Plastiki hufyonza kemikali na kuitoa polepole, kwa hiyo mchanga, majivu na sabuni huondoa harufu ya juu tu, huku maji machafu ya kusugulia yakiingia mtaroni na kutoka hapo kwenye mifereji inayonywesha migomba na mifugo ya watu wanaoishi bondeni.

Hatari ya mapipa ya chuma ni ya namna nyingine, na inawahusu vijana wetu wachomeleaji. Pipa lililokuwa na kiyeyusho, yaani kimiminika kinachowaka kwa urahisi kama thina, likibaki na vijiko vichache tu, hujaa mvuke uliochanganyika na hewa, na cheche moja ya mashine ya kukatia inatosha kulilipua. Hilo ni la hatari kuliko pipa lililojaa, kwa kuwa lililojaa halina nafasi ya hewa ndani. Fundi anayekatiwa bei nzuri ya pipa la kutengenezea jiko haambiwi lilikuwa na nini.

Kazi ya kuondoa mabaki inapaswa kufanyika pale pale kemikali ilipotumika, siku ile ile, kabla hayajakauka. Kwa viuatilifu vya kuchanganywa na maji, chombo huachwa kichuruzike kwa nusu dakika, hutiwa maji safi hadi robo, hufungwa na kutikiswa kwa nguvu, kisha maji yale humiminwa kwenye bomba la kunyunyizia yatumike shambani pamoja na dawa yenyewe. Hurudiwa mara tatu. Anayefanya hivyo awe na glavu, buti na kinga ya macho. Baada ya hapo chombo kitobolewe kitako na ubavuni ili kisiweze tena kushika maji wala pombe.

Viwandani mambo hayaendi kwa kanuni moja. Maji yakimiminwa kwenye asidi kali ya salfuriki huchemka na kuruka usoni, na mabaki ya dawa ya klorini yakikutana na asidi hutoa gesi inayounguza mapafu. Ndiyo maana kukusanya mabaki ya kila aina katika pipa moja ili kupunguza gharama ni kosa kubwa, hata kama linafanywa na mtu mwenye nia njema. Kila mabaki yakae katika chombo chake chenye jina lake, na mkemia ndiye aamue yapunguzwe makali vipi.

Kuna wanaoamini kwamba moto unamaliza kila kitu. Moto wa shimoni haufikii joto linalotakiwa. Mabaki yenye klorini huhitaji joto la nyuzi 1,100 za Selsiasi kwa angalau sekunde mbili, na hewa inayotoka ipoozwe haraka, la sivyo dioksini, ambazo ni sumu kali, hujitengeneza upya inapopoa. Tanuri la saruji, ambalo malighafi yake hufikia takribani nyuzi 1,450, linaweza kufanya kazi hiyo, na Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa kuhusu taka hatarishi, ulipitisha miongozo yake mwaka 2011. Kazi hiyo inahitaji kibali, vipimo vya moshi na namna maalumu ya kulisha tanuri.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na kanuni zake inataka taka hatarishi zikusanywe na kusafirishwa kwa kibali. Sina ugomvi na hilo. Lakini mkulima wa Kibosho mwenye madumu matatu atakodi lori lenye kibali kwa fedha ipi? Brazil iliamua kwa sheria ya mwaka 2000 kwamba mkulima asuuze chombo na kukirudisha ndani ya mwaka mmoja mahali palipoandikwa kwenye risiti, na watengenezaji wabebe jukumu la kukiharibu. Leo sehemu kubwa sana ya vyombo hivyo hurudi. Sisi tunayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu hapa hapa Ngaramtoni, Arusha. Naiomba ifikirie kuweka sharti hilo katika leseni za wauzaji wa pembejeo, na AMCOS zetu, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, ziwe vituo vya kupokelea, mradi vyombo vikae katika banda la wavu lenye kufuli, mbali kabisa na ghala la kahawa, maana kahawa hudaka harufu upesi.

Wakati hayo yakisubiriwa, mameneja wa mashamba na viwanda vya Moshi na Arusha wanaweza kuanza na daftari moja langoni: namba ya pipa, kemikali iliyokuwamo, tarehe ya kusuuzwa, mabaki yalikopelekwa, na sahihi ya aliyelitoboa. Pipa lisilo na mstari wake katika daftari hilo lirudishwe stoo.

Wako,
Mtunza stoo mstaafu,
Moshi