Mbio za The Great Race zilikuwapo, na vituko vyake vilipigiwa hesabu

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa burudani kuhusu The Great Race, filamu ya vichekesho ya Blake Edwards ya mwaka 1965, imeisifu kwa sababu zisizo zake. Mwandishi anasema mbio zake za magari kutoka New York hadi Paris zilitungwa tu na watu wa sinema. Kisha anasema siri ya kicheko ni picha zilizoharakishwa na pai zinazorushwa ovyo. Kosa la kwanza ni la historia na halina maneno mengi. La pili linawapoteza vijana wanaorekodi vichekesho kwa simu, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mbio zilikuwapo. Zilianzia Times Square, New York, tarehe 12 Februari 1908, kwa udhamini wa gazeti la New York Times na lile la Le Matin la Paris. Magari yalikuwa sita: matatu ya Kifaransa, moja la Kijerumani, moja la Kiitalia na moja la Kimarekani, Thomas Flyer. Mpango wa awali ulikuwa kukatiza Amerika wakati wa baridi kali, kupanda hadi Alaska, halafu kuvuka mlango bahari wa Bering kwa kupita juu ya barafu na kuingia Siberia. Thomas Flyer ilifika San Francisco kwa siku 41, ikapakiwa melini hadi Valdez, Alaska. Huko wakaona theluji isiyopitika, wakarudi. Safari ikaendelea kwa meli hadi Japani, kisha Vladivostok, na kutoka hapo Siberia nzima kwa magurudumu. Kwa hiyo yale magari mawili ya kwenye filamu yanayoelea juu ya kipande cha barafu ni utani juu ya mpango ambao watu wazima waliuandika kwa dhati.

Hata mwisho wa filamu, ambapo anayetangulia kufika Paris anaukataa ushindi, una ndugu yake katika historia. Gari la Kijerumani, Protos, lilitangulia kufika Paris tarehe 26 Julai, lakini lilikuwa na adhabu ya siku 30: siku 15 kwa kupakiwa kwenye treni huko Amerika, na 15 nyingine kufidia muda ambao Thomas Flyer ilipoteza kwa kwenda Alaska. Thomas Flyer iliingia tarehe 30 Julai ikapewa ushindi. Kabla ya hapo polisi wa Paris aliisimamisha kwa kukosa taa ya mbele. Mpita njia mmoja akatoa baiskeli yake yenye taa, nayo ikapakiwa garini nzima nzima ili sheria itimie. Mtunzi gani wa vichekesho angeongeza nini hapo?

Ujuzi wa magari umo ndani ya filamu pia, ingawa makala yenu haikuugusa. Maggie DuBois, mwandishi wa habari anayeigizwa na Natalie Wood, anaendesha Stanley, gari la mvuke, nalo linamharibikia jangwani. Hilo halikuchaguliwa kwa bahati. Stanley za miaka ile hazikuwa na chombo cha kuupoza mvuke na kuurudisha kuwa maji. Mvuke ukishafanya kazi ulitoka nje ukapotea, na gari lilikunywa takriban galoni moja ya maji kwa kila maili, yaani zaidi ya lita 2 kwa kilomita. Kilomita 100 za jangwa zinataka zaidi ya lita 200 za maji. Anayejua hilo anaanza kucheka mapema, pale tu gari linapouacha mji.

Sasa tuje kwenye kuharakisha. Kamera za enzi za filamu bubu zilizungushwa kwa mkono. Mzunguko mmoja ulipitisha fremu 8, yaani picha moja moja zinazounda filamu, na mpiga picha aliyezungusha mara mbili kwa sekunde alipata fremu 16. Sauti ilipoingia, kasi ikawekwa kuwa fremu 24 kwa sekunde. Filamu iliyopigwa kwa 16 ikionyeshwa kwa 24, kila kitu kinakwenda mara moja na nusu. Sehemu kubwa ya ile mirukoruko tunayoiona kwenye filamu bubu inatokana na kuonyeshwa kwa kasi isiyo yake. Hata hivyo walikuwapo waongozaji waliopunguza fremu makusudi, kwa kipimo, na kipimo hicho ndicho kinachokosekana leo.

Gari likienda kilomita 40 kwa saa na kupigwa picha kwa fremu 20, kwenye skrini linaonekana linakwenda 48. Kwa fremu 12 linaonekana linakwenda 80. Mgeni wa kazi hukimbilia 12, na hapo mambo matatu yanamharibikia.

La kwanza ni uzito. Jicho la binadamu linajua vitu vinaangukaje. Ukiongeza kasi ya picha mara mbili, mvutano wa ardhi unaonekana umezidi mara nne, si mara mbili. Gari linalodunda kwenye shimo linarudi chini kama la kuchezea watoto, na mtu akianguka anaonekana hana nyama. Kicheko cha kuanguka kinataka mwili wenye uzito. Kwa fremu 20 mvutano unaonekana umezidi kwa chini ya mara moja na nusu, kiasi ambacho mtazamaji anakimeza bila kukihoji. Ndiyo maana kazi nzuri ya aina hii hubaki kati ya fremu 18 na 22, na kwenye 12 hugusa kwa sekunde chache tu. Kanuni hiyohiyo hugeuzwa kwa maumbo madogo yanayotakiwa kuonekana makubwa. Jengo la mfano lililo sehemu moja ya 16 ya ukubwa halisi hupigwa kwa fremu 96, mara nne ya kawaida, ili vipande vyake vianguke kwa uvivu wa kitu kizito.

La pili ni magurudumu. Chukua gurudumu la gari la kale lenye spoki 12 na kipenyo cha sentimita 90. Kwa fremu 24, gari likifika takriban kilomita 20 kwa saa, kila spoki inakuwa imekaa pale ilipokuwa mwenzake katika fremu iliyotangulia, na gurudumu linaonekana limesimama huku gari likienda. Likipungua kidogo, linaonekana linazunguka kinyumenyume. Ukipiga kwa fremu 12, maajabu hayo yanashuka hadi kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao gari linalojifanya kukimbia huwa nao hasa. Dawa yake ni kulipiga gari kutoka mbele au nyuma badala ya ubavuni, au kubadili mwendo kwa kilomita mbili tatu. Tope zito kwenye spoki nalo linasaidia kuzificha.

La tatu ni mwanga na ukungu wa mwendo, na hapa ndipo simu inapowaangusha wengi. Kamera ya filamu ikipunguzwa hadi fremu 12, kila fremu inapata mwanga muda mrefu mara mbili, hivyo mpiga picha hufunga lenzi stopu moja, yaani hupunguza mwanga kwa nusu. Faida yake ni kwamba kitu kinachokwenda kinaacha ukungu mrefu, na macho yanaukubali kama kasi ya kweli. Kijana wa leo hupiga kwa kasi ya kawaida, kila fremu ikipata mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde, kisha anabonyeza kitufe cha kuzidisha mara mbili. Programu inatupa nusu ya fremu. Zilizobaki hazina ukungu wa kutosha, na picha inakatikakatika. Kama unajua utazidisha mara mbili, weka shata, yaani muda wa mwanga kwa kila fremu, kwenye 1/25 ya sekunde kabla ya kurekodi, upunguze mwanga kwa kichujio cheusi mbele ya lenzi, na uwaambie wapita njia watembee nusu ya mwendo wao. Gari peke yake ndilo litakaloonekana linawahi. Mazungumzo usiyaweke humo kabisa, maana midomo nayo itaharakishwa.

Kuhusu pai, kurushwa ovyo ndilo jambo lisilofanyika. Onyesho la vita vya pai, la dakika chache tu, lilichukua siku 5 kupigwa, na pai zinazotajwa ni 4,000. Hebu fikirieni kazi ya siku ya pili asubuhi. Kila doa lililokuwa kwenye ukuta, nywele na nguo jana jioni lazima liwe palepale, la sivyo mtazamaji anaona shavu limejisafisha lenyewe kati ya picha mbili. Waliacha kazi kwa mapumziko ya mwisho wa juma, na krimu ikachacha kwenye seti. Ilibidi jengo lisafishwe na harufu itolewe kwa mapangaboi makubwa, kisha uchafu upakwe upya, doa kwa doa, kwa pai nyingine. Natalie Wood alipaliwa na pai iliyomwingia mdomoni ukiwa wazi, na Jack Lemmon, anayeigiza adui, Profesa Fate, alisema wazi kwamba pai usoni ni pigo zito.

Kwa anayetaka kujaribu, pai ya kurushwa si ya kuliwa. Ganda lake liwe laini na pembezoni pasiwe pakavu, kwa sababu ukingo uliookwa ukakauka hukata ngozi. Sahani ya bati isiondoke na pai kamwe. Weka kitako cha karatasi. Kilichomo ndani kikiwa chepesi kinatapakaa na kuteremka, uso unabaki mtupu. Kikiwa kigumu kinadunda kama mpira na kumuumiza mtu. Kinachofaa ni kile kinachoganda usoni kwa sekunde moja au mbili kisha kikaanza kuteleza taratibu, macho yakachungulia. Mrushaji asimame pembeni tu ya lenzi, mita 2 hivi kutoka kwa mlengwa. Anayepigwa atoe pumzi na kufunga mdomo. Kupepesa macho mapema kunaua mzaha wote, maana uso unakuwa umeshatoa habari kabla pai haijafika.

Lakini mtego mkubwa wa onyesho lile ni mtu asiyepigwa. Leslie, stelingi wetu anayeigizwa na Tony Curtis, anapita katikati ya vita akiwa na nguo nyeupe pe, na pai zinamkosa mbele na nyuma. Mtazamaji anaacha kuangalia wanaopigwa anaanza kuisubiri ile moja. Inapompata usoni, aliyeirusha ni Maggie, na hakumkusudia yeye.

Mwanzo wa mbio umejengwa kwa hesabu ya aina hiyo. Max, msaidizi wa adui, amehujumu magari ya wapinzani manne. Yanakufa moja baada ya jingine, Profesa Fate akifurahia kila kifo. Magari yakiishia manne, tumeona hujuma tu. La tano likiwa lao wenyewe, tumepata kichekesho. Likigeuka la pili, mtazamaji hajazoea mpangilio na hakuna cha kumvunjia. Likingoja la tisa, amechoka.

Makala haikutaja sauti hata kwa neno moja, ilhali Oscar pekee ambayo filamu hii ilipata ilikuwa ya athari za sauti, na ilikwenda kwa Tregoweth Brown. Huyu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye katuni za Warner Bros., na masikio yanamtambua: kila chuma kina sauti yake na kila anguko lina mlio wake. Wanaohariri wazingatie kwamba mlio ukitangulia pigo kwa fremu mbili, udanganyifu unajulikana papo hapo. Ukichelewa fremu moja hakuna anayeshtuka, kwa kuwa hata katika maisha sauti hufika baada ya mwanga.

Nadhani najua pia kwa nini mwandishi wenu aliona fujo tupu. Filamu ina takriban dakika 160, na picha yake ni pana, upana 2.35 kwa kimo 1. Ikikatwa ili ijaze televisheni ya zamani ya 4 kwa 3, asilimia 43 ya picha inatupwa. Kwenye skrini za sasa za 16 kwa 9 inatupwa karibu robo. Katika vichekesho vya aina hii anayerusha yuko ukingo mmoja na anayepigwa ukingo wa pili. Kata kingo, utabaki na pai inayotokea hewani na mtu anayeanguka bila sababu. Nakala nyingine hazikatwi, bali zinabanwa kutoka pembeni. Kabla ya kuketi, simamisha picha mahali ambapo gari limepigwa kutoka ubavuni, uangalie gurudumu. Kama limekaa kama yai lililosimama wima, rekebisha mpangilio wa skrini mpaka liwe duara, na ile michirizi myeusi juu na chini uiache ilivyo.

Msomaji wenu,
Mpenzi wa filamu za zamani