Mfumuko wa bei wa Nyali si wa Mtopanga

Mhariri,

Kila mwisho wa mwezi Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya, KNBS, hutangaza mfumuko wa bei, na jirani zangu hapa Mtopanga, mtaa wa watu wa kipato kidogo Mombasa, huuliza: ni bei za nani hizo? Mimi ni mpishi Nyali, mtaa wa wenye nazo, kwa familia ya kigeni iliyoletwa Mombasa na kazi za meli. Ufunguo wa stoo ninao mimi na hesabu ya jikoni naiweka mimi. Kwa hivyo najua matumizi ya nyumba mbili, ile na yangu, na sijaona asilimia moja inayoweza kuzisemea zote mbili.

Kapu la bei, yaani orodha ya vitu ambavyo bei zake hupimwa kupata mfumuko huo, lilipopangwa upya, bei za Februari 2019 zikawa kianzio, na uzito wa kila kitu, yaani sehemu yake katika matumizi yote, ukatolewa kwenye utafiti wa matumizi ya nyumba wa 2015/16. Chakula kilipewa karibu asilimia 33. Kwa tajiri wangu hata robo haifiki, japo kamba na kolekole havikauki kwenye friji. Pesa zao huishia kwa kodi ya nyumba, ambayo hutajwa kwa dola, karo ya shule ya kimataifa na tiketi za kwenda kwao Krismasi. Kwangu chakula hupita nusu. Unga ukipanda, nyumba ile haina habari. Yangu hujua jioni hiyo hiyo.

Tena kuna namna ya kununua. Wao mchele ni gunia, gesi ni mtungi wa kilo 13, maji ni ya kisima kilicho uani. Mimi mafuta ni ya kupima, makaa ni ya kopo, maji ni ya mkokoteni. Bomba likikauka, na hukauka sana, jerikeni ya shilingi 20 hufika 50. Pigeni hesabu ya lita kwa lita muone ni nani anayenunua ghali. (Na asiniambie mtu ninunue kwa jumla. Mshahara wangu haukai ukasubiri gunia.)

Mwaka huu nilipoomba nyongeza, mama wa nyumba ninayopikia alifungua simu, akanionyesha mfumuko wa bei wa taifa, akaniongeza asilimia hiyo hiyo. Si mchoyo, na alidhani ametenda haki. Kumbe alinipimia kwa kapu ambalo si langu wala si lake.

Mdogo wangu anafanya kazi za nyumbani Doha. Qatar, katika utafiti wao wa mapato na matumizi, nyumba za Waqatar huhesabiwa mbali na za wasio Waqatar. Kule mambo ni kinyume na kwetu: mwenyeji ndiye mwenye kipato, na wageni, ambao ni wengi kuliko wenyeji, wengi wao ni vibarua. Nawasifu kwa kutenganisha, lakini hata hivyo kuna kitu hapo hakionekani. Ukimtazama mdogo wangu kule utasema hatumii kitu, maana hula na kulala kwa mwajiri. Karo ya wanawe, dawa za sukari za mama yetu, mabati ya nyumba, vyote hulipwa hapa kwa pesa zinazoingia kwenye M-Pesa. Matumizi yake yako Mtopanga, na mapato yako Doha.

Sisemi wageni waondoke. Wakiondoka Nyali, mimi, bawabu na kijana wa bustani ndio wa kwanza kukosa. Ninaloomba ni Mombasa ichambuliwe kwa makundi ya kipato, cha chini, cha kati na cha juu, kama Nairobi ilivyozoea kufanyiwa, na nyumba zinazolipwa kutoka ng'ambo ziwekewe jedwali lake. Sensa ya 2019 ilihesabu kaunti hii watu zaidi ya milioni 1.2. Kuwachanganya wote, kuanzia Nyali hadi Mtopanga na Likoni, ni kutupa wastani usiomfaa yeyote anayetaka kupanga mshahara.

Na karani akija na dodoso lake, asiulize tu natumia shilingi ngapi kwa mwezi. Aulize nanunua kwa kipimo gani, na siku ambayo bomba halitoki jerikeni huwa bei gani.

Mpishi wa Nyali,
Mtopanga, Mombasa