Baba, kihisi hakikuwa kibovu

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii itawakuta wewe na Mama mkiwa wazima wa afya. Mimi sijambo, na nyumba sasa ina joto. Kilichoninyamazisha wiki mbili ni boila. Uliniuliza habari zake kwenye simu mara mbili na mara zote laini ikakatika, kwa hiyo nimeona nikuandikie yote, maana najua utataka kujua mpaka waya wa mwisho.

Huku nyumba inapashwa kwa maji ya moto yanayozungushwa na pampu ndani ya mabomba, na maji hayo yanapata moto kwenye boila ya kuni. Juu ya boila pameingizwa kibomba chembamba cha shaba, kimezibwa upande wa ndani, kimezama kwenye maji. Kihisi cha joto kinachomekwa humo kikiwa kikavu. Kidhibiti kinasoma kihisi hicho: maji yakifika nyuzi 80 kinazima feni ya kupuliza moto, yakishuka hadi 75 kinaiwasha tena. Lakini kuni si umeme, Baba. Feni ikizimwa, makaa yanaendelea kutoa joto kwa muda mrefu. Kidhibiti kikipewa habari za uongo, hakuna swichi ya kuuzima ule moto.

Usiku wa kwanza paneli ya kidhibiti ilionyesha nyuzi 68 na feni ilikuwa inavuma kwa nguvu. Nikagusa bomba linalotoka juu, nikaurudisha mkono upesi. Ndani ya boila maji yalikuwa yanagongagonga kama mtu anayepiga chuma kwa nyundo ndogo. Nikiwa bado nimesimama pale nikasikia "tak", feni ikanyamaza. Ilikuwa thamostati ya usalama. Hiyo haiulizi kidhibiti wala kile kihisi. Ina kimiminika chake kinachopanuka kwa joto, yetu inakata karibu na nyuzi 95, na haiwaki tena mpaka mtu aibonyeze kwa mkono. Wapo wanaounganisha waya zake moja kwa moja ili isiwasumbue. Kama yetu ingekuwa imeunganishwa hivyo usiku ule, feni ingeendelea kupuliza hadi maji yachemke. Nikiona mtu anafanya hivyo nitamzuia, hata kama boila si yangu.

Kesho yake alikuja fundi, akasema kihisi kimekufa, akaweka kingine na kuondoka. Hakupima kitu. Asubuhi iliyofuata boila ilikuwa baridi kabisa, sijaweka hata kuni moja, na paneli inasema 85. Feni haikutaka kuwaka, kwa kuwa kidhibiti kiliamini maji tayari ni ya moto. Kwa imani hiyohiyo kikaacha pampu izungushe maji baridi nyumba nzima. Niliwasha kuni kwa kuachia mlango wa majivu wazi kidogo, nimekaa hapohapo sibanduki. Moto ulikuwa dhaifu, moshi mzito, na ndani ya mlango lami nyeusi ikaanza kutiririka. Hiyo hutokea maji yanaporudi kwenye boila yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi: mvuke wa moshi unageuka matone kwenye chuma kilichopoa.

Nikafunga kipimajoto cha kawaida kwenye bomba kwa waya, nikakivika kitambaa kinene. Kiliposoma 50, paneli ilikuwa imeshuka kutoka 85 hadi 82. Nikatazama mara mbili. Moto unapanda, namba inashuka!

Hapo nikatoa mita yako. Bado naitunza kwenye kile kifuko chake. Niliacha moto uzimike, chuma kikapoa, nikazima umeme, nikachomoa waya mbili za kihisi kutoka kwenye kidhibiti na kupima. Chumba kilikuwa nyuzi 20. Mita ikasema ukinzani wa umeme ni omu 1,078.

Wewe utakuwa umeshaelewa. Kidhibiti chetu kinataka kihisi cha omu 10,000 kwenye nyuzi 25, kile ambacho omu zake hupungua joto linapopanda. Kwenye nyuzi 20 kinapaswa kusoma kama 12,500, na kwenye 85 kama 1,090. Alichoweka fundi ni cha platinamu: omu 1,000 kwenye nyuzi sifuri, na omu zake huongezeka na joto. Kwa umbo la nje ni ndugu mapacha. Omu 1,078 za chumba baridi kidhibiti kilizitafsiri kuwa nyuzi 85, na zilipoongezeka kwa joto la kweli, kikaona maji yanapoa.

Kihisi cha zamani kilikuwa bado sakafuni. Nikakitumbukiza kwenye glasi ya barafu iliyopondwa na maji, nikakoroga, nikasubiri: karibu omu 33,000. Kwenye maji ya nyuzi 50, kama 3,600. Ni kizima, Baba, kizima kabisa! Kilichokuwa kimekatika ni kibanio chake, nacho kikateleza hadi mdomoni mwa kibomba, kikawa kinapima hewa badala ya maji. Ndiyo maana usiku ule kilisema 68. Nimekipaka grisi ya kupitisha joto, nikakisukuma hadi kikagota mwisho, nikakibana na kibanio kipya. Tangu siku hiyo paneli na kile kipimajoto vinapishana kwa nyuzi mbili tu.

Limebaki jambo moja, na hili nataka mawazo yako. Pampu ikiwaka tu, namba inaruka nyuzi tatu au nne kisha inatulia. Joto la maji haliwezi kupanda kwa kasi hiyo, na kipimajoto hakitikisiki. Nimeona waya wa kihisi umefungwa pamoja na kebo ya umeme ya pampu kwa urefu wa karibu mita mbili, na nahisi umeme wa kebo hiyo ndio unaovuruga usomaji. Jumamosi nitaitenganisha, nipitishe ya kihisi upande wa pili wa ukuta. Nilifikiria pia mguso mbovu kwenye skrubu za kidhibiti, lakini nikizitikisa namba haibadiliki. Au kuna kitu sijakiona? Ukipata nafasi nipigie Ijumaa usiku, kabla sijaanza kukata vifungo.

Msalimie sana Mama na wadogo zangu wote.

Mwanao akupendaye