Lusajo, uje na vyuma vyako

Mulanje, Malawi
Jumapili, 18 Agosti 2024

Ndugu yangu Lusajo,

Ugonile? Nakuandikia nimekaa juu ya tofali, mgongo unauma, ibada imekwisha na wenzangu wamelala. Ni siku ya tisa tangu tuvuke mpaka wa Kasumulu. Karonga tulijiona kama tuko nyumbani, maana sisi Wanyakyusa na Wangonde wa pale tunasikilizana bila mkalimani. Tulipopita Mzuzu tukawa mabubu. Ila Kichewa nacho hakimtupi Mbantu: nyumba ni nyumba, mvua ni mvula, mchanga ni mchenga, njaa ni njala. Hilo la mwisho tumelisikia sana. Mvua za msimu huu ziligoma, mahindi yakakauka, na mwezi Machi rais wao akatangaza hali ya maafa.

Mahali penyewe ungepapenda. Mashamba ya chai kama ya kwetu Rungwe, na mlima wa zaidi ya mita 3,000 ulioota peke yake kwenye tambarare. Ndio huo ulioshusha tope na mawe Machi 2023, kimbunga Freddy kilipofika baada ya kuvuka Bahari ya Hindi yote kutoka upande wa Australia. Nimeoneshwa jiwe la ukubwa wa daladala, limetulia palipokuwa na jiko la mama mmoja. Nyumba za matofali mabichi ziliyeyuka tu.

Sasa nikuambie tulivyoumbuka. Tulikuja na hesabu zetu: tununue matofali ya kuchoma, tuwajengee wajane watatu, tupige picha, turudi. Mfumu, yaani chifu, wa kijiji (ni mwanamke, huku ukoo unafuata upande wa mama) akatusikiliza mpaka mwisho, halafu akanyoosha kidole mlimani. Kila tanuru ni miti, akasema, na pale miti ilipokwisha ndipo mlima uliporomokea. Wao wameshaamua: udongo na saruji kidogo, unafyatuliwa kwa mashine ya mkono, tofali linafunikwa na kumwagiliwa maji, kuni hata moja hazitumiki. Mashine wanayo. Imekufa.

Jioni ile wakatuchinjia kuku wawili. Watu kumi na mmoja, Lusajo, mwaka wa njaa! Nilikula macho chini. Kesho yake tukatoa unga na maharage yetu, tukapika chungu kimoja na mbaazi zao. Wazee wana methali yao hapa: mgeni ndiye anayekuja na kiwembe kikali. Ni ile yetu ya mgeni njoo mwenyeji apone. Basi tazama viwembe vyetu: wanakwaya saba, mwinjilisti, muuguzi, dereva, na mimi. Tunabeba ndoo za udongo, vijana wa hapa wanabeba mara mbili yetu huku wakituonea huruma. Muuguzi ana foleni kila asubuhi, simsemi. Lakini aliyefanya la maana kwenye ujenzi ni dereva wa Coaster. Aliufunga mkono wa mashine kwa waya na kipande cha bomba, tukafyatua siku mbili na nusu, ukakatika tena. Nauli yetu ingenunua saruji nyingi, nimeshamwambia mwinjilisti, hakufurahi.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Fundi wa mjini aliuchomelea mkono huo mara mbili, mara zote unakatika palepale, pale bomba linapoingia kwenye ekseli. Nadhani bati la kuimarisha pembeni ndilo linalokosekana, wewe utajua nikikuonesha picha. Tunarudi Julai mwakani, nami nimeomba nafasi moja ya kwaya iwe yako. Watasema huna sauti. Ni kweli huna. Kijijini hakuna umeme, ila jenereta ya usharika ipo. Beba vijiti vya kuchomelea vya kutosha na ile grenda yako.

Pasipoti unayo? Kama huna, anza wiki hii, usinisubiri. Na ndaga kwa kumwangalia mama. Mwambie chai ya huku nimeionja, haijafikia ya kwake.

Wako,
Ambokile