Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, 2025: Umeme upo, laini ndiyo nyembamba

Ndugu wanachama,

Swali lililotawala vikao vyetu mwaka huu ni moja: bwawa limekamilika, mbona mashine za kusaga bado zinagoma ikifika saa kumi na mbili jioni? Nitaanza na hilo. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Bwawa la Julius Nyerere, Mto Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024, na yote 9 imekamilika mwaka huu. Umeme wake hutoka kwa kilovolti 400 hadi kituo cha kupoza umeme cha Chalinze. TANESCO inajenga pia laini ya kilovolti 400 kutoka Chalinze hadi Dodoma. Kwa hiyo uzalishaji si kisingizio tena. Ila umeme huo haumfikii msagaji mpaka ushushwe hadi kilovolti 33 au 11, kisha transfoma ya mtaani iushushe hadi volti 400 kwa fezi tatu. Hapo ndipo kwenye kazi yetu.

Chukueni transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha mzigo wote inaoubeba). Uwezo wake ni ampea 144 kwa kila fezi. Mota ya kilowati 15 ikishatulia inakula ampea 28 hivi, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita au zaidi, yaani ampea 170 kwenda juu. Mashine moja tu, kwa sekunde chache, imeizidi transfoma nzima! Ukifunga stata ya nyota-delta, kiwashio kinachoianzisha mota kwa volti pungufu, mvuto huo hushuka hadi thuluthi moja, karibu ampea 60.

Halafu kuna umbali. Waya wa alumini wa milimita 50 za mraba una ukinzani wa omu 0.64 kwa kilomita. Mashine ikiwa mita 800 kutoka kwenye transfoma, mota hiyo moja hupoteza volti 12 hivi kwa kila fezi. Ziwe tatu mwisho wa laini hiyo hiyo, 230 inashuka chini ya 200. Jioni, pasi na friji za majumbani zikiongezeka, kontakta (swichi ya sumaku inayoshikilia mota) inaachia, au mota inalazimika kuvuta ampea zaidi hadi koili zinaungua. Fundi atasema mota ni feki. Mara nyingi si feki.

Kuongeza nguzo hakuondoi hilo. Dawa ni transfoma ya pili karibu na mashine, laini kubwa ya kilovolti 33 au 11 iifuate huko, na laini ndogo ya volti 400 ifupishwe. Ndilo ombi ambalo kamati inapendekeza tulipeleke TANESCO kwa pamoja, si kila mtu na barua yake.

Upande wetu nako hakuko safi. Bado tunakuta fyuzi zilizozungushiwa waya wa shaba. Hapo kinachoungua si fyuzi tena, ni transfoma. Bado shaba inafungwa na alumini bila kiungio cha metali mbili, kiungo kinaota kutu, kinapata joto, na kama ni cha nyutro, waya wa kurudishia umeme, kikaachia, nyumba ya fezi moja inaweza kupokea volti zinazokaribia 400. Wachomeleaji nao wote wameng'ang'ania fezi moja.

Kapasita nazo zinalipa. Mota ya kilowati 15 yenye kipeo cha nguvu 0.75 (yaani robo tatu tu ya mzigo ndiyo inayofanya kazi) huibebesha transfoma kVA 20. Kwa kapasita ya kVAr 8 (kVAr ni kipimo cha ukubwa wake) mzigo huo unashuka hadi karibu 16. Zifungiwe kontakta yao, zisibaki zimeunganishwa kwenye laini mota ikizimwa.

Kabla ya ombi kwenda tunahitaji orodha ya mizigo. Kila mwanachama apige picha kibao cha mota yake, kilowati na ampea zisomeke, aandike aina ya stata na namba ya nguzo anayounganishiwa, amkabidhi katibu. Kibao kikiwa kimefutika, fundi wa chama atapima kwa klampu mita (kipimo kinachobana waya na kusoma ampea) mashine ikiwa na mahindi ndani, si tupu.