Barua kwa mwanangu: balbu inakula nini?

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja. Unasema mwalimu aliweka amita, chombo cha kupima mkondo wa umeme, kabla ya balbu ikasoma ampea 0.5, akaihamishia upande wa pili wa balbu ikasoma 0.5 ile ile. Wenzako wakaandika na kufunua ukurasa unaofuata. Wewe ukabaki unajiuliza: kama mkondo unaoingia ndio huo huo unaotoka, balbu inakula nini?

Balbu haili mkondo. Mkondo ni chaji zinazotembea, na katika waya wa shaba zinazotembea ni elektroni. Zote zinazoingia kwenye balbu zinatoka. Kinachobaki kwenye balbu ni nishati, na hiyo ndiyo inayogeuka joto na mwanga. Ukisikia betri ni ya volti 6, maana yake kila kulombi 1 (kipimo cha chaji) inayozunguka sakiti nzima, yaani njia yote ya umeme, inakabidhi jouli 6 za nishati njiani. Zidisha volti 6 kwa ampea 0.5, unapata wati 3, yaani jouli 3 kila sekunde. Hicho ndicho balbu inachokula.

Angalia mnyororo wa baiskeli. Ukikanyaga pedali, gurudumu la nyuma linazunguka papo hapo; halisubiri pingili iliyoko mbele ifike nyuma. Tena mnyororo haupungui kwa kazi hiyo, unarudi na pingili zake zote. Elektroni nazo ni goigoi kuliko unavyodhani. Katika waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1 unaobeba ampea 1, zinasogea kwa wastani wa milimita 0.07 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mita moja inazichukua karibu saa nne. Balbu haisubiri saa nne kwa sababu waya umejaa elektroni tangu mwanzo, na ukifunga swichi msukumo unaenea katika sakiti kwa kasi inayokaribia ya mwanga.

Kuhusu ile pembetatu ya V (volti), I (mkondo) na R (ukinzani, yaani kiasi kitu kinavyozuia mkondo) mnayofundishwa kufunika herufi kwa kidole, itumie ukiwa na haraka, lakini usiiamini sana. Inakupa jibu bila kukuuliza sakiti imeungwaje. Balbu yako ya ampea 0.5 kwa volti 6 ina ukinzani wa omu 12. Ukiunga balbu mbili kama hizo kwa mfuatano, ukinzani unakuwa omu 24, mkondo unashuka hadi ampea 0.25, na kila balbu inabaki na volti 3. Nguvu ya kila moja ni wati 0.75, robo ya ile ya awali, wala si nusu kama wengi wanavyokisia. Ukiziunga sambamba, kila moja inapata volti 6 zake na kuwaka kama kawaida, ila betri sasa inatoa ampea 1 na itaisha mapema. (Ukipima kwa vyombo hutapata namba hizi barabara. Uzi wa balbu ukipoa ukinzani wake unapungua, na sheria ya Ohm, ile iliyomo kwenye pembetatu yako, inadai joto lisibadilike. Andika ulichokisoma kwenye chombo, usiandike ulichotaka kukisoma.)

Sasa ile sura ya sumaku unayosema haina uhusiano na hii. Watu wa zamani nao waliona hivyo. William Gilbert alikwisha kuandika mwaka 1600 kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa, na kwa zaidi ya miaka mia mbili baada yake umeme ulikuwa jambo moja na sumaku jambo jingine. Mwaka 1820, huko Copenhagen, Hans Christian Ørsted akapitisha mkondo kwenye waya uliokuwa karibu na dira, na sindano ikageuka.

Fanya jaribio hilo mwenyewe kwa betri kavu moja tu. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa. Laza waya juu ya dira, uelekee kaskazini na kusini kama sindano yenyewe, kisha gusisha ncha zake kwenye betri kwa sekunde moja au mbili. Usizidishe, waya utapata moto na betri itachoka. Tazama sindano inafanya nini. Haivutwi kuelekea waya wala haisukumwi mbali nao. Inajaribu kulala kukingama waya. Pitisha waya chini ya dira badala ya juu, nayo inageukia upande wa pili. Basi uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafanya kazi, hautoki kwenye waya kama miale, unauzunguka. Ndiyo maana mnafundishwa kuushika waya kimawazo kwa mkono wa kulia: dole gumba lielekee unakokwenda mkondo, vidole vingine vitakuonyesha uga unazungukia wapi. Mkondo hapo ni ule wa vitabuni, unaotoka chanya kwenda hasi. Elektroni zinakwenda kinyume, lakini desturi hiyo iliwekwa zamani sana kabla J. J. Thomson hajazitambua mwaka 1897, na hakuna aliyeona faida ya kuigeuza.

Ukiupinda waya huo uwe koili, uga wa kila mzunguko unajumlishana na wa jirani yake, nawe una sumaku yenye ncha mbili unayoweza kuiwasha na kuizima. Hata sumaku ya kawaida isiyo na betri inapata usumaku wake kutoka kwa elektroni zilizomo katika atomu zake. Ndiyo sababu ukiivunja vipande viwili hupati ncha ya kaskazini peke yake. Unapata sumaku mbili ndogo, kila moja na ncha zake mbili.

Kama umeme unazaa sumaku, sumaku nayo haiwezi kuzaa umeme? Hapa ndipo Michael Faraday anapoingia, mtu aliyeanza maisha akijifunza kazi ya kujalidi vitabu na ambaye hesabu hazikuwa silaha yake. Tarehe 29 Agosti 1831 alikuwa na pete ya chuma aliyoizungushia koili mbili zisizogusana. Moja aliiunga na betri, nyingine na chombo cha kuonyesha mkondo. Alipounga betri, sindano iliruka kidogo ikarudi kwenye sifuri. Betri ikaendelea kusukuma mkondo, sindano ikatulia tuli. Alipoikata betri, sindano ikaruka tena, safari hii upande wa pili.

Mwingine angeona chombo kinasumbua. Faraday aliona kuwa sumaku iliyotulia haizai kitu, hata iwe na nguvu namna gani. Kinachozaa umeme ni uga kubadilika ndani ya koili. Ukiielewa sentensi hiyo, nusu ya sura uliyobakiza imekwisha. Sumaku ikiingia kwenye koili, galvanomita, yaani chombo cha kuonyesha mkondo, inaonyesha upande mmoja, ikitoka inaonyesha upande wa pili, ikikaa ndani haionyeshi kitu. Ukiiharakisha, volti zinaongezeka. Ukiongeza mizunguko ya waya, zinaongezeka pia. Jenereta ni koili inayozungushwa mbele ya sumaku, au sumaku mbele ya koili, vyote sawa.

Hapo utaona pia kwa nini transfoma, koili mbili kama zile za pete ya Faraday zinazopandisha au kushusha volti, haifanyi kazi kwa betri. Mkondo wa betri hautikisiki, uga wake hautikisiki, koili ya pili haipati habari yoyote. Mkondo geu, ule unaogeuza upande mara kwa mara, unabadilika muda wote, kwa hiyo koili ya pili yenye mizunguko mara kumi inatoa volti mara kumi. Hiyo si nishati ya bure, maana ampea zinapungua kwa kiasi hicho hicho au zaidi kidogo. Lakini kupungua kwa ampea ndiko kunakotakiwa. Tuseme unapeleka wati 10,000 kupitia nyaya zenye ukinzani wa omu 2. Kwa volti 250 utahitaji ampea 40, na nyaya zitapoteza 40 × 40 × 2, yaani wati 3,200, karibu theluthi ya mzigo wote. Kwa volti 10,000 utahitaji ampea 1 tu, na zitapotea wati 2. Nguzo zile ndefu zinabeba volti nyingi kwa ajili ya hesabu hii fupi.

Umeuliza pia mwanafizikia Heinrich Lenz anatafuta nini katika mtihani wenu. Mwaka 1834 alieleza mkondo unaozalishwa unaelekea wapi: daima upande wa kupinga badiliko lililouzalisha. Ukiisukuma ncha ya kaskazini ndani ya koili, koili inajifanya kaskazini na kukusukuma nje. Ingekuwa kinyume chake, koili ingeivuta sumaku, mkondo ungezidi, mvuto ungezidi, nasi tungepata nishati bila jasho la mtu yeyote. Ukiangusha sumaku kali ndani ya bomba la shaba inashuka polepole kama inayojishikilia, ilhali shaba haivutwi na sumaku hata kidogo. Jasho la kuzungusha jenereta linatoka hapo hapo: kadiri balbu nyingi zinavyowashwa, ndivyo inavyokuwa nzito kuzungushwa.

Sasa nijibu hili, na usimuulize mwalimu kwanza. Koili ikikatwa waya wake mahali pamoja, sakiti ikabaki wazi, kisha ukaisukumia sumaku kwa kasi ile ile, voltmita iliyounganishwa kwenye ncha mbili za waya itasoma kitu? Na mkono wako, utahisi kusukumwa nyuma?

Nasubiri barua yako.

Mama yako