Usiuze boksi la spana, Mbwana

Greensboro, North Carolina
Jumapili usiku

Ndugu yangu Mbwana,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto, na Bi Mkubwa umshikie mkono kwa niaba yangu. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Ningekuwa nimekuandikia mapema zaidi, lakini tangu niliposoma maneno yako kwamba unatafuta mnunuzi wa gari na wa boksi la spana kwa sababu ya yale matokeo ya mbio zako za magari za mwezi uliopita, ambayo unasema yaliandikwa vibaya, nimekuwa nikianza barua na kuichana. Leo nitaimaliza.

Jana jioni nilikwenda Winston-Salem kutazama mbio za magari katika uwanja wa Bowman Gray. Ni kiwanja cha mpira wa Kimarekani kilichozungushiwa njia ya lami yenye urefu wa robo maili, kama mita 400 hivi, na watu huketi kwenye ngazi za zege kana kwamba wamekuja kutazama mechi. Magari yanapokata kona kwa pamoja, vumbi jeusi la tairi hukufikia mpaka midomoni. Nilikuwa hapo nikikufikiria wewe, na nikimfikiria mtu niliyekutajia kwenye simu siku ile mtandao ulipokatika, Wendell Scott, dereva mweusi wa mbio za magari wa hapa Marekani. Katika mwaka 1952 Scott alilivuta gari lake mpaka mji huohuo wa Winston-Salem ili ashindane, na wasimamizi wa NASCAR, chombo kinachoendesha mbio hizi hapa Marekani, wakamwambia kuwa watu weusi hawaruhusiwi. Alikwenda High Point akajibiwa vivyo hivyo. Akalivuta gari lake kurudi nyumbani.

Nyumbani kwake ni Danville, Virginia, mwendo wa chini ya saa moja kutoka hapa ninapokaa, na nimeshapita barabara inayoitwa kwa jina lake. Alizaliwa mwaka 1921, akaendesha teksi, akawa fundi katika jeshi la Marekani wakati wa vita kuu ya pili, kisha akafungua gereji. Kwa kuwa gereji haikutosha kulisha nyumba, usiku alibeba pombe ya magendo, akijifunza kuikimbia polisi katika njia za mashambani. Basi waandaaji wa mbio za Danville walipotaka dereva mweusi ili wavute watazamaji, walikwenda kuwauliza polisi ni nani kati ya wale wabebaji anayekimbia kuliko wote. Polisi walimtaja Scott bila kusita, maana walikuwa wamemfukuza mara nyingi na kumkamata mara moja tu.

Haikupita hata wiki mbili akashinda mbio yake ya kwanza, huko Lynchburg. Kwa miaka mingi alizunguka viwanja vidogo vya Virginia na Carolina ya Kaskazini, viwanja vya vumbi vya wilaya kama vile vyetu, mara anazomewa na mara anagongwa kwa makusudi, na bado alishinda mbio zaidi ya 100 katika madaraja hayo ya chini. Leseni ya NASCAR aliipata kwa msimamizi mmoja wa kiwanja upande wa Richmond, ambaye aliamua kumpa bila kuwangoja wakubwa wake. Mwaka 1959 akawa bingwa wa jimbo la Virginia katika daraja lake. Mwaka 1961 ndipo alipoingia daraja la juu kabisa, akiwa karibu na umri wa miaka 40, umri ambao wewe unaniambia umepita wakati wake wa kushindana.

Nataka ulielewe jambo hili kama fundi, kwa sababu watu wengi huliruka. Wenzake wakubwa walikuwa na mikataba na viwanda vya magari, injini mpya na vijana wa kubadilisha tairi. Scott alikuwa na gereji yake na watoto wake. Injini alizifungua na kuzifunga yeye mwenyewe, vipuri alivinunua vikiwa vimeshatumika na timu nyingine, na tairi alizoanza nazo mbio mara nyingi ni zile ambazo wenye fedha walikuwa wamezitupa kando. Mtu wa namna hiyo hawezi kuikanyaga injini mpaka ipasuke, kwa kuwa ndiyo hiyo hiyo atakayoifungua Jumatatu ili wiki inayofuata aende nayo kwingine. Kwa hiyo aliendesha kwa kuhesabu, akimaliza wa sita, wa nane, wa kumi, akichukua fedha ya nafasi hiyo na kuirudisha kwenye gari. Alianza mbio 495 katika daraja la juu, na katika 147 alikuwa ndani ya kumi bora. Mwaka 1966 alimaliza msimu akiwa wa sita kwa pointi. Mimi ninayeshinda nimelala chini ya magari ya watu kila siku, hesabu hiyo inanigusa kuliko kikombe chochote.

Hata hivyo, habari ya kikombe ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, palikuwa na mbio ya mizunguko 200 katika kiwanja cha vumbi cha nusu maili. Ilipobaki mizunguko 25, Scott alimpita Richard Petty, ambaye gari lake lilikuwa limeanza kuchoka, na hakuna aliyempita tena mpaka mwisho. Lakini bendera ya mshindi haikupepea kwa ajili yake. Dereva mwenzake, Buck Baker, ndiye aliyetangazwa mshindi, akapewa kikombe. Nyakati hizo mizunguko ilihesabiwa kwa mkono, mtu na kalamu yake na karatasi yake, kama mnavyofanya nyinyi. Scott alilalamika palepale, hesabu ikapitiwa upya, na baada ya saa mbili, watazamaji wakiwa wamekwenda zao, wakakiri kuwa alikuwa mbele kwa mizunguko miwili. Yeye mwenyewe aliamini kwamba hawakutaka mtu mweusi asimame jukwaani na yule binti mweupe wa kukabidhi kikombe.

Kikombe kile hakukiona. Aliumia vibaya katika mbio za Talladega, Alabama, mwaka 1973, akaacha mbio mwaka huohuo, akafariki mwaka 1990. Kiliingia mikononi mwa familia yake mwezi Agosti 2021. Usidhani ninakueleza haya ili usubiri. Miaka 58 si ya kumsubirisha mtu, na kila nikiikumbuka nafsi yangu inachafuka. Ninachokiangalia ni zile saa mbili. Asingeinua sauti siku ileile, karatasi zingali mezani, ushindi ule ungebaki kwa Baker hadi leo.

Wewe unasema ulipita mstari mbele ya yule kijana wa gari jeupe, na kwamba mshika saa aliandika namba isiyo yako. Sasa kwa nini uliondoka uwanjani bila kuomba karatasi? Je, hujachelewa kuandika malalamiko? Yule mshika saa bado anapatikana, na shemeji alisema alipiga picha ubaoni. Picha hizo zipo? Zile namba ulizoziandika kwa chaki ndani ya mlango wa gari hujazifuta? Na injini, ile gasketi uliyoilalamikia mwezi wa tano, uliibadilisha au ulikimbia nayo hivyohivyo?

Ninakuomba kwa udugu wetu, mwambie mnunuzi angoje hadi Desemba nitakapofika. Ikiwa ni ada ya shule ndiyo inayokusukuma, niambie kiasi gani, tutalizungumza. Yale spana ya Mzee, namba kumi na namba kumi na mbili yenye mpini uliochomelewa, bado yamo kwenye boksi?

Nijibu wiki hii.

Wako,
Rajabu